Asipokatwa, Atakufa

Jumatano, jioni. Bariadi yote ni upepo na vumbi. Malori ya pamba yamepita tangu asubuhi, na mabaki yake yamenasa kwenye miiba ya uzio wa shule. Macho yananiwasha. Ukiniuliza, nitasema ni vumbi.

Leo nimeshindwa kufundisha.

Ratiba ilinipa Form Two, viunganishi vya masharti kwa Kiingereza. Ni mada ninayoipenda kuliko zote, nimeifundisha miaka mingi bila kushika kitabu. Niliandika ubaoni if. Nikaandika provided that, nikaandika as long as. Nilipofika kwenye unless mkono ukagoma. Nikabaki nimewapa wanafunzi mgongo, chaki imegusa ubao, hadi mmoja akakohoa. Nikawaambia wasome kimya kimya mpaka kengele.

Hawakuuliza. Wanajua nimetoka msibani. Wachache wao kwao ni Ngulyati, walikuwepo siku ya kuzika, na walisikia nilivyosemwa mbele ya watu.

Kila mwaka wanafunzi wangu hukosea mahali palepale. Huandika: Unless you do not study, you will fail. Wanakanusha mara mbili, kwa sababu hawaamini kwamba neno fupi vile limeshabeba ukanushi ndani yake. Nyumbani wanaongea Kisukuma, shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, Kiingereza wamekutana nacho Form One kama mgeni aliyefika usiku bila taarifa. Huwa nawaambia: pitieni kwenye Kiswahili. Usiposoma, utafeli. Hiyo "sipo" iliyokaa katikati ya kitenzi ndiyo unless yenu. Wengi huelewa hapo.

Kitu ambacho sijawahi kuwafundisha, kwa kuwa hakimo kwenye muhtasari na hakiji kwenye mtihani, ni kile ambacho sentensi hiyo imekinyamazia. Usiposoma utafeli. Haijasema popote kwamba ukisoma utafaulu.

Nilikuwa na shemeji aliyeitwa Masanja. Majina yote humu nimeyabadilisha. Alimwoa mdogo wangu Nkwimba, wakawa wanaishi Ngulyati kwenye mji wa baba yake Masanja, Mzee Luhende, pamoja na watoto wao wawili. Mtu mrefu, mwenye utani. Mbele za watu aliniita Madam. Tukiwa wenyewe aliniongelesha Kiingereza cha kubuni, maneno yasiyokuwepo duniani, kwa sauti ya meneja wa benki, mpaka Nkwimba akamrushia kitambaa cha vyombo.

Alikuwa mkulima wa pamba kama sisi wote. Lakini tangu wanunuzi binafsi waanze kuja kila mmoja na mzani wake na maneno yake, Masanja aliichoka pamba. Alisema zamani ulijua nani anakudhulumu, siku hizi lazima kwanza uulize. Msimu huu akamwachia Nkwimba na mzee shamba, akaenda kutafuta kibarua kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba.

Nilipokuwa mdogo kiwanda kile kilikuwa cha ushirika. Baadaye kilifungwa, kikaota nyasi, popo wakahamia. Halafu kampuni moja ikakinunua. Mitambo ni ileile, imepakwa rangi mpya. Walioijua mitambo hiyo walipunguzwa kazi zamani, wakarudi vijijini kufuga. Sasa hivi asubuhi watu wanajaa getini, anatoka mtu mmoja na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mrefu. Masanja alichaguliwa kwa urefu wake. Hakupewa karatasi, hakupewa glavu, jina lake lenyewe sijui kama liliulizwa.

Pamba ilikwama kwenye mashine. Aliyewasimamia akamwambia aitoe upesi, bila kuzima, kwa sababu kuzima na kuwasha upya kunachelewesha kazi. Masanja akaingiza mkono wa kulia.

Walimfunga kwa kitambaa, wakampakia kwenye pikapu hadi zahanati. Huko akashonwa na kupewa vidonge, akaambiwa arudi nyumbani apumzike. Mimi sikujua lolote. Nkwimba hakutaka kunisumbua, ilikuwa wakati wa mitihani. Baba yake mdogo Masanja, anaitwa Shija, ndiye mwenye sauti kwenye ule ukoo. Akaleta majani ya kukanda. Mkono ukavimba. Ukabadilika rangi. Nyumba ilipoanza kunuka ndipo Nkwimba akapata simu ya kuazima na kunipigia, na mimi nikatafuta gari.

Hospitali kulikuwa na daktari mpasuaji mgeni, aliyekuja kujitolea kwa muda. Kiswahili chake kilikuwa "pole" na "asante". Nesi aliyekuwa akimsaidia kutafsiri alikuwa anaandaa chumba cha upasuaji. Akaniona, akaniuliza kama si mimi mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Nikasema ndimi. Akaniambia basi msaidie daktari aongee na ndugu, muda hatuna.

Tulisimama koridoni. Mzee Luhende na fimbo yake. Shija, na ndugu wengine wawili wa ukoo. Nkwimba akiwa amekaa chini, ameegemea ukuta, mtoto mdogo mgongoni.

Daktari alisema taratibu, akiniangalia mimi. "Unless we take the arm off today, he will die."

Nilitafsiri kama ninavyofundisha. "Tusipoukata mkono leo, atakufa."

Nkwimba aliweka kiganja mdomoni. Shija akasema kwa Kisukuma kwamba kuna mtu ng'ambo ya Zagayu anayetibu mifupa na nyama zilizooza, watu wamepona kwake na mikono yao, na kwamba yeye hawezi kurudisha kijana wa ukoo nyumbani akiwa nusu. Wale wengine wawili wakaitikia. Gari, walisema, si lipo hapo nje.

Mzee Luhende hakuwajibu. Aliniuliza mimi. "Na wakiukata?"

Nikamuuliza daktari. Huyu mtu hakuwa mwongo, na kwa hilo namsifu. Alivua miwani, akasema: "Then he may live, provided the poison is not already in his blood."

May. Provided. Nilihisi uzito wa kila neno likiwa bado kwenye ulimi wangu. Nikamwambia mzee kwa Kiswahili, huku Shija na wenzake wakibishana kuhusu gari kwa sauti iliyotufunika sote: "Anaweza kupona, mradi sumu iwe bado haijaingia kwenye damu."

Mzee alisimama kidogo, ameinamisha kichwa. Kisha akawageukia ndugu zake na kuwaambia kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa: "Daktari anasema wakiukata, atapona."

Nilishtuka. Nikamsogelea. "Baba, amesema anaweza. Hajasema atapona."

"Nimesikia, mayu," alinijibu bila kunitazama, kwa lile neno la Kisukuma la kumwita mwanamke mama.

Nilisema kwa sauti ya chini. Hili nalirudia kichwani kila siku. Nimezoea kusema hadi mwanafunzi wa dawati la nyuma anisikie, lakini pale nilinong'ona. Maana Nkwimba alikuwa ameinua uso. Alikuwa ameisikia ile "atapona", na uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa mdogo wangu.

Shija alinung'unika, lakini akanyamaza. Mzee akaweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa.

Nesi akaniruhusu nimwone Masanja kabla hajaingizwa. Alikuwa na homa kali ila akili zake zilikuwa timamu. Aliniuliza wamesemaje. Nikaanza kumwambia atakuwa sawa. Akanikatiza.

"Madam, mimi nataka sentensi nzima."

Nikampa nzima. Asipokatwa, atakufa. Akikatwa, anaweza kupona, mradi sumu iwe haijaingia kwenye damu. Alisikiliza amefumba macho. Nikafikiri amelala.

"Hiyo mradi," akasema, "Nkwimba ameisikia?"

Nikamwambia sidhani.

"Basi usimwambie. Mwache hivyo hivyo. Nikitoka nitamwambia mwenyewe, tutacheka." Halafu akafumbua macho. "Na nisipotoka, usimwambie pia. Atajiuliza maisha yake yote kwa nini hakuniaga."

Nilikubali. Ningefanya nini? Nilimshika mkono wake mzima, nikakubali.

Akatoka chumba cha upasuaji akiwa hai. Nkwimba alimlisha uji, na Masanja akamwambia sasa atakuwa anakuna mgongo kwa zamu. Tulicheka, kweli tulicheka, na mimi nikaanza kuamini kile ambacho nilijua hakuna aliyekisema. Kisha homa ikarudi. Ikapanda. Daktari mgeni alikuwa anapita kila mara, kila akipita anakaa muda mrefu zaidi na kusema maneno machache zaidi. Masanja alikufa alfajiri. Nkwimba alikuwa ametoka kuchota maji ya kumwogesha.

Daktari aliniita pembeni na kuniambia sumu ilikuwa imeshaingia. Mradi yake haikutimia.

Tulimzika Ngulyati. Mkono wake tulikuwa tumeuzika kabla yake, na Shija hakuruhusu lisahaulike. Kaburini alisimama akaongea kuhusu watu wanaokata viungo vya watoto wa wenzao halafu wanaturudishia maiti. Alisema Masanja angefikishwa Zagayu angekuwa anakula nasi. Watu wakaitikia kwa minong'ono. Macho yakamgeukia Mzee Luhende, yeye ndiye aliyeweka dole gumba.

Mzee akanyanyua fimbo, akanielekezea.

"Mwalimu ndiye aliyetuambia. Alitafsiri kwamba akikatwa atapona. Sisi hatujui Kiingereza."

Nilikuwa nimesimama na wanawake. Nikangoja mtu aseme kitu. Wale wawili waliokuwepo koridoni walitazama chini. Nkwimba alikuwa amekaa kando ya kaburi, amefunikwa kanga. Akaifunua. Akaniangalia. Ndani ya macho yale sikujiona dada tena.

Jioni, watu walipopungua, nilimfuata jikoni. Aliongea bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Dada, wewe umesoma. Ungesema tu kwamba hujui. Ningekaa naye. Nisingekwenda kuchota maji."

Nilifungua mdomo. Maneno yote nilikuwa nayo: ya daktari, ya mzee, ya Masanja kitandani. Nikayameza. Nikamwambia nisamehe. Aligeuka akaendelea kuchochea moto, nami nikatoka.

Kiwandani walikwenda ndugu kutoa taarifa. Waliambiwa hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kufanya kazi pale. Getini asubuhi ileile wengine walikuwa wanachaguliwa kwa kidole.

Sasa nije kwenye leo, kwa sababu leo ndiyo imenifanya nifungue hii kompyuta.

Nilirudi nyumbani kutoka shuleni nikiwa nimechoka na aibu ya chaki. Nimekaa barazani navua viatu, nikamwona Mzee Luhende anakuja kwa miguu, peke yake, ameshika fimbo yake chini ya kwapa kama mtu asiyetaka ionekane. Kutoka Ngulyati hadi kwangu si mwendo wa mzee kama yeye. Nikasimama, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu."

Nikampa kiti na maji. Alikunywa yote. Alitazama kuku wangu kwa muda. Mimi sikumsaidia kuanza.

"Siku ile nilisikia," alisema hatimaye. "Uliposema anaweza. Na hiyo ya damu pia niliisikia. Kiswahili changu si kibovu kiasi hicho."

Nikamwongezea maji kwenye kikombe.

"Shija alikuwa ameshafungua mlango wa gari moyoni mwake. Ningewaambia anaweza, wangembeba. Wangesema, kama hata mzungu hana uhakika, twende kwetu. Angefia njiani, kwenye vumbi, na mkono wake ule. Nilitaka akatwe. Nilitaka apate hiyo nafasi moja. Kwa hiyo niliwapa neno walilokuwa wanalihitaji."

Akaiweka fimbo chini, kando ya kiti.

"Na makaburini, baba?"

"Makaburini niliogopa. Nimebaki na huyu Shija na wanawe. Wao ndio wananilimia, wao ndio watanizika. Wangejua nimewadanganya ili mwanangu akatwe, halafu akafa, wasingenisamehe. Wewe una kazi, una mji wako huku. Nikaona wewe utaweza kubeba."

Nitaweza kubeba. Hivyo ndivyo alivyosema, kana kwamba ananisifia.

Nilikasirika. Nakiri hapa kwa sababu hapa ndipo ninapokiri. Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumwambia turudi wote Ngulyati sasa hivi, asimame palepale alipoinulia fimbo, aseme. Nikamwambia angalau amwambie Nkwimba, mtu mmoja tu.

"Nikimwambia, ataondoka," alisema. "Atachukua wajukuu wangu aondoke. Au atamwambia Shija kwa uchungu, na Shija atamfukuza pamoja na mimi. Mayu, yule mtoto sasa hana mume. Kwangu ana paa na ana shamba. Wewe mwenyewe amua. Ukitaka nimwambie, nitamwambia kesho. Sitakukatalia."

Akanyanyuka. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Hakuomba msamaha, ila pale njia panda alinishika kichwani kwa kiganja chake, kama anavyowashika wajukuu zake, akaenda zake.

Nimekaa na maneno yake tangu jua lizame. Nimeyageuza pande zote. Nikimwambia Nkwimba ukweli, nitampata mdogo wangu na atapoteza nyumba. Au hatapoteza, labda mzee anatia chumvi ili nimwonee huruma. Au nitamwambia na bado asinirudie, kwa kuwa nitalazimika kumwambia pia la Masanja, kwamba mumewe alijua anaweza kufa na akachagua asimuage. Hapo nitakuwa nimemfanya afiwe mara ya pili. Nisipomwambia, ataishi akiamini dada yake, mwenye cheti cha ualimu wa lugha, alishindwa kutafsiri sentensi moja iliyokuwa na maana.

Na pengine kuna kitu ndani ya imani hiyo kinachomshikilia. Akiwa na mtu wa kulaumu, anaamka, anasonga ugali, anakwenda shamba. Sijui. Mimi si daktari wa mambo hayo.

Wanaosoma ukurasa huu ni wachache, na wote wako mbali. Ngulyati hakuna anayefungua mtandao. Lakini watoto wa Nkwimba wataenda shule, na najua vizuri jinsi watoto wa siku hizi wanavyotafuta mambo. Nimefikiria nifute. Nimeacha. Wakiwa wakubwa wakayakuta haya, wajue baba yao aliuliza sentensi nzima na akaisikiliza hadi mwisho. Wajue babu yao alidanganya kwa sababu alimtaka mwanawe aishi. Hayo mawili nataka yabaki mahali fulani, hata kama ni hapa tu.

Mzee nitamtumia ujumbe asiseme. Nimeamua hivyo kwa sasa, na sidai kwamba ni sahihi. Nimeamua kwa sababu ya paa.

Jumamosi nitakwenda Ngulyati. Nitabeba unga, sabuni, na mafuta ya taa. Nkwimba hatakuja kunipokea mzigo kama zamani, na Shija atakuwa amekaa uani akinitazama nikipita. Nitamsalimia. Nitaingia jikoni, nitachukua jembe au mchi au chochote kitakachokuwa kimelala, nifanye kazi karibu naye bila kuongea. Akinifukuza, nitaondoka, na Jumamosi inayofuata nitarudi.